Mama ana saratani: hospitali wametupa mofini, kaka kaleta mafuta ya bangi. Naomba ushauri

Binti_Pangani:

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie, nimeshalala vibaya wiki mbili.

Mama yangu ana miaka 63. Saratani ya shingo ya kizazi, iligundulika mwaka jana ikiwa imeshasambaa. Mionzi kapata Ocean Road, tumerudi naye nyumbani Tanga, na daktari katuambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mchana anajitahidi. Usiku ndiyo kazi. Anakaa kitandani kashika kona ya godoro kwa mkono mmoja, mkono wa pili anavuta tasbihi. Akifika katikati maumivu yanamkata, anasahau hesabu, anaanza upya. Nimemsikia akianza upya mara nane usiku mmoja.

Sasa yametokea mambo mawili ndani ya wiki moja.

La kwanza, hospitali wametupa mofini ya maji. Chupa ya plastiki na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Mama mdogo kaikuta mezani, kauliza hii nini, nami kwa ujinga wangu nikamjibu. Alipiga ukunga mpaka jirani akaja. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa unga (heroini) mwaka 2009 huko Dar, alikutwa kwenye jumba bovu bomba likiwa bado mkononi. Kwake mofini na unga ni kitu kimoja. Asubuhi nikatafuta chupa, haipo. Kaificha na hasemi wapi.

La pili, kaka yangu kashuka kutoka Dar na kichupa cha mafuta ya bangi. Kakinunua 180,000 kwa mtu anayemjua yeye. Kioo cheusi, kifuniko cha kudondoshea, hakina jina wala tarehe, kuna kikaratasi tu kimeandikwa kwa kalamu "matone 3 x 2". Kaka anasema Kanada na Ujerumani wameshahalalisha, kwamba yanaua seli za saratani, na sisi huku tumelala.

Sasa angalieni maajabu ya nyumba yetu. Mama mdogo hana neno na mafuta, eti "hayo ni majani tu". Kaka naye mofini haitaki, "ukianza huachi". Yaani kitu cha kumfunga mtu jela kimewekwa kabatini karibu na asali, na kitu chenye muhuri wa hospitali kimefichwa kama cha wizi.

Nataka kujua: hayo mafuta yanatibu kweli? Tukikamatwa nayo inakuwaje? Na mofini, je, mama yangu atakuwa teja akiwa na miaka 63? Msinitukane, nauliza kwa dhati.

Mzee_wa_Kikombe:

Dada Binti, pole sana. Mpe mama shikamoo yangu.

Nitajibu nikianza na swali lako la mwisho, kwa sababu humu ndani wengi watakuambia walichosoma, mimi nakuambia nilichokula. Nimetumia unga miaka 14, 1999 hadi 2013. Nilianza na koktel, unga umechanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja, baadaye nikahamia kwenye bomba. Mishipa ya mkono wa kushoto mpaka leo wauguzi hawaipati, wakitaka damu yangu wanaomba mguu. Kwa hiyo ninaposema mofini sitishiki na jina.

Mofini inatoka kwenye afyuni. Heroini inatengenezwa kwa hiyo mofini. Na sisi Waswahili tulikuwa na jina letu la afyuni toka zamani, kasumba. Siku hizi ukisema kasumba mtu anaelewa mawazo mabovu yaliyomkaa mtu kichwani hayatoki. Basi mama mdogo wako (namheshimu, nitarudi kwake) ana kasumba ya kuiogopa kasumba. Heroini yenyewe ilipoanza kuuzwa mwaka 1898 haikuuzwa vichochoroni. Iliuzwa na kampuni ya dawa ya Bayer, ya Ujerumani, kama dawa ya kikohozi. Kitu kile kile kimeanzia duka la dawa kikaishia kwenye jumba bovu.

Sasa kilicho tofauti ni nini? Mimi nilipokuwa nikipiga kete, kile kipakiti kidogo cha unga, sikuwa na maumivu ya mwili siku ya kwanza. Nilikuwa natafuta stimu. Baada ya miezi michache stimu zenyewe zikaisha, nikawa natafuta tu kutoamka na arosto. Arosto unaanza kupiga miayo, pua inachuruzika, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa, kisha mifupa. Mifupa, dada. Halafu tumbo linafunguka. Kwa kuikimbia hiyo niliuza pampu ya maji ya baba yangu, nikauza milango miwili ya nyumba, ikiwa na fremu zake. Huo ndio uteja: maisha yote yamekuwa foleni ya kete.

Mama yako anatafuta nini? Anatafuta kumaliza tasbihi. Mwili wake utaizoea mofini, hilo ni kweli, sitakudanganya. Akikatishwa ghafla atapata arosto kama mimi, ndiyo maana ikianzwa haikatwi kiholela, daktari ndiye anaishusha. Ila mwili kuzoea dawa siyo uteja. Mtu wa presha akiacha vidonge vyake ghafla naye anadhurika, hatumwiti teja wa presha.

Nikupe la nyumbani kwangu. Baba yangu, huyo huyo wa pampu, alipata saratani ya tezi dume, ikaingia uti wa mgongo. Ilikuwa 2016, mimi nimeshatulia. Niliandikiwa mofini yake nikaenda dirisha la dawa kwenye hospitali moja, siitaji. Aliyekuwepo dirishani akasoma karatasi, akaangalia mikono yangu, nilivaa fulana, akarudisha karatasi. "Hii haipo." Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja, karatasi kama yangu, yeye akapewa. Sikupigana. Nilijua alichokiona, hata mimi ningekiona. Kesho yake nikamtuma dada yangu, akapewa. Baba alikunywa saa nne asubuhi. Saa saba mchana akaomba uji, akaomba na redio, Yanga walikuwa wanacheza. Alikuwa hajaomba kitu chochote kwa siku kumi na moja isipokuwa kufa. Aliishi wiki sita nyingine, na hakuwahi hata siku moja kuniambia "niongezee nipate raha". Aliniambia "saa imefika?", kwa sababu maumivu yalikuwa yanarudi. Mimi mtoto wake mvuta unga ndiye niliyekuwa nampimia, kwa bomba, mstari kwa mstari, na chupa ililala chini ya mto wangu. Sikuigusa. Sijisifu, siku mbili za mwanzo nilimpa dada ufunguo wa chumba.

Kuhusu mafuta. Sina ugomvi na bangi kama dawa. Kuna dawa ya kifafa iliyotolewa kwenye bangi, Epidiolex, Marekani waliipitisha 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Hiyo ni CBD, ile isiyolewesha. Kuna vidonge vya THC ya kutengeneza maabara, inayolewesha, vya kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa kemo, vipo tangu 1985. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa walipiga kura kuitoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, ikatoka kwa kura 27 dhidi ya 25. Kwa hiyo anayesema bangi haina dawa ndani yake kabaki nyuma. Lakini kuua saratani kwa binadamu, hapana. Kuua seli kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaua.

Na tatizo langu kubwa siyo bangi, ni kichupa. Hakina maandishi! Mimi nimeishi miaka 14 kwenye biashara ya vitu visivyo na maandishi. Kila kete ilikuwa na neno la muuzaji tu. Leo imechanganywa na panadol iliyosagwa, kesho na kitu kinachokulaza huamki, na aliyekuuzia hajui, kauziwa naye. Watu wengi maskani tulizika siku mzigo ulipokuwa msafi kuliko kawaida. Hicho kichupa kinaweza kuwa alizeti tupu kwa 180,000, kinaweza kuwa THC ya kumfanya mama yako aone ukuta unatembea. Hakuna wa kumuuliza.

Sheria: bangi kwetu ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na mafuta yake ni bangi vilevile. Sijui kama kaka anaelewa alipanda basi na kitu gani. Kosa la kusafirisha adhabu yake ni miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa ni maisha. "Ni ya mgonjwa" siyo utetezi. Maoni yangu, mnaweza kunipinga: sheria inakosea ikimlinganisha mtu mwenye kichupa cha mama yake na tajiri wa mzigo. Lakini sheria ndiyo iliyopo leo, na kaka yako anahitajika hapo nyumbani kuliko gerezani Maweni.

Mwisho niwakumbushe wanaosema "serikali haiwezi kumpa mtu kitu cha kulevya". Kila asubuhi serikali inanipa. Ni methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, nayo ni ya ukoo huo huo wa afyuni. Ilipoanza Muhimbili, Februari 2011, mtaani walisema mateja wanagawiwa unga wa bure. Mimi niliingia 2013, kituo kingine. Unasimama dirishani, unataja namba, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya mtu, kisha anakusemesha, "habari ya nyumbani?", ili ajue umemeza hukuficha mdomoni. Haikupandishi juu, inakuzuia usianguke. Saa moja na nusu nakuwa kazini, nachomelea mageti. Nimetengeneza milango ya chuma zaidi ya mia tatu. Ile miwili ya baba niliirudisha mwanzo kabisa.

Rudi kwa mama mdogo. Usimgombeze. Mwambie tu kilichomuua mtoto wake hakikuwa na kipimo wala mtu wa kumwangalia. Hiki kina vyote viwili.

Sista_Tulivu:

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Mzee kaongea, nitaongeza ya kazini tu.

Dada, mofini ya maji haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana inatolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, siyo kusubiri mgonjwa alie. Ukisubiri maumivu yapande, unayakimbiza badala ya kuyatangulia. Wagonjwa wetu wengi huanza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, na hiyo ya mwisho daktari mara nyingi anaiandika mara mbili ili wote mlale. Fuata kilichoandikwa kwenye karatasi yenu, siyo hiki changu. Nunua daftari la shule, andika saa na kiasi kila unapotoa.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na anaweza kusikia kichefuchefu, huwa kinapita. Kisichopita ni choo kigumu. Kama hamkupewa dawa ya kulainisha choo pamoja na mofini, rudini mkaidai. Mkiona haamshiki, au anavuta pumzi chache sana kwa dakika, msimpe dozi inayofuata, wahini hospitali.

Na mwambieni daktari kuhusu mafuta, hata kama mnaona aibu. Vitu viwili vya kusinzisha kwa mwili mmoja dhaifu, lazima ajue.

Jirani zetu Uganda Dokta Anne Merriman alianzisha huduma hii mwaka 1993 kwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji, bei ya chini kabisa, na baadaye wauguzi waliosomea wakaruhusiwa kisheria kuiandika. Bibi wa kijijini anakunywa kwenye kibanda chake. Hawajawa taifa la mateja.

Kobe_wa_Likoni:

Poleni wa Tanga. Mimi nitatoka nje ya mada kidogo. Hapa kwetu Mombasa vita ni muguka, aina ya mirungi. Mei 2024 gavana alipiga marufuku kuingizwa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, Rais akasema amri hizo ni batili kwani ni zao halali la sheria ya nchi, wakulima wa Embu wakaenda kortini. Kijana wangu atafuna jani hilo hadi alfajiri na hakuna askari wa kumuuliza. Avuke Lungalunga aingie Horohoro kwenu, mirungi ile ile ni jela. Waingereza nao waliiruhusu miaka na miaka, 2014 wakaifunga. Kwa hivyo mie nikisikia "halali" na "haramu" huuliza kwanza niko upande gani wa kizuizi cha barabarani. Kwa mgonjwa ningetazama nani amepima, si nani amekataza.

Mpemba_Ughaibuni:

Kaka yako kaitaja Ujerumani, mimi ndiko niliko, Berlin, nalea wazee kwenye nyumba yao. Ni kweli tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kutembea na gramu 25 na kuotesha miche mitatu nyumbani. Lakini bangi ya dawa ni habari nyengine, ilikuwepo toka 2017, kwa cheti cha daktari, na unaichukua duka la dawa ikiwa imeandikwa asilimia ya THC na CBD. Nina bibi mmoja hapa anapewa matone kwa ajili ya hamu ya kula. Ya kuua saratani? Sijamsikia daktari hata mmoja akiyatamka. Na bibi huyo huyo kwa maumivu anapewa nini? Mofini. Mwambie kaka asichukue nusu ya habari za huku.

Binti_Pangani:

Narudi na mrejesho, leo siku ya sita.

Niliusoma uzi huu kwa sauti, mama mdogo akiwa anachambua mchele. Nilipofika pale pa milango miwili aliacha kuchambua. Hakusema kitu. Baada ya Magharibi akaenda chumbani kwake, akatoa chupa ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, akaifuta kwa kanga, akaniletea. Akasema atampimia yeye.

Dozi ya kwanza usiku ule saa nne. Mama mdogo alikaa pembeni kaweka kiganja kifuani kwa dada yake mpaka alfajiri, anahesabu pumzi. Mama alilala kwa muda wa saa tano bila kuamka. Alipoamka akauliza kwa nini kuna mtu kamwekea mkono. Juzi kamaliza tasbihi, zote tisini na tisa, akaniomba nimkatie kucha.

Kaka kanuna. Anataka kurudi Dar na kichupa chake akadai pesa yake, nimemkatalia kupanda nacho basi. Nikamwonyesha hiyo miaka 30, akasema ni vitisho, kisha akaenda akamimina shimoni mwenyewe. Namjua, hizo 180,000 atanilalamikia mpaka Idi.

Maswali mawili. Sista, choo ni siku ya nne hakuna, na kweli hatukupewa ya kulainisha, nirudi leo leo au nisubiri Jumatatu kliniki?

La pili siyo langu. Mama mdogo anauliza, huyo Mzee alikuwa maskani gani? Mtoto wake alikuwa Magomeni.

Sista_Tulivu:

Leo leo. Usisubiri Jumatatu, siku nne ni nyingi. Maji ya kutosha na papai, lakini hayo ni ya kusindikiza, dawa ndiyo inayotakiwa.

Mzee_wa_Kikombe:

Mwambie mama mdogo nilikuwa Kigogo, ila Magomeni nilifika kila siku, mzigo tulikuwa tunafuata huko. 2009 nilikuwepo. Jina la kijana usiliandike humu, nitumie inboksi. Sisi tuliitana kwa majina ya mtaani, kwa hiyo muulize na jingine lolote aliloitwa, alama mwilini, timu aliyoshabikia. Nikitoka kwenye kikombe kesho nitakaa nijaribu kukumbuka.